Kabla Gari Halijawashwa

Katika makala hii nataka kutetea sura ambayo wengi wetu huiruka. Ni sura ya kupanga safari. Tukiandika hadithi ya familia inayosafiri tunakuwa na haraka ya kufika barabarani. Tunaandika "siku ya safari ikawadia", na aya inayofuata gari limeshapata pancha porini. Mimi nasema hapo tumetupa nyama tukabaki na mfupa. Mifano yangu nitaichukua Marekani, kwa sababu wenzetu wa huko wameiandika na kuipiga filamu safari ya familia kwa gari mara nyingi mno, vizuri na vibaya, hivyo kuna cha kupima.

Kwanza tulijue gari lenyewe. Wamarekani wana gari wanaloliita kwa kifupi RV. Ni gari kubwa, au tela linalovutwa na gari, ambalo ndani lina vitanda, jiko, friji na choo. Mimi nitaliita gari-nyumba. Kampuni ya Winnebago ya jimbo la Iowa ilianza kuunda magari-nyumba yenye injini yake mwaka 1966, na jina lake likazoeleka sana midomoni mwa watu. Familia hulinunua au hulikodi, ikazunguka nalo nchi wiki kadhaa, ikipika na kulala humo humo.

Usidhani ni kutupia begi na kuondoka. Safari ndefu ya namna hiyo hupangwa mezani kwa ramani na kalamu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 150 likijaa ni kama umepakia watu wazima wawili ambao hukuwaalika. Kuna tangi la maji safi, tangi la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na tangi la choo, na hayo mawili ya mwisho humwagwa mahali maalumu tu. Dereva lazima ajue kimo cha gari lake. Pale Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na kimo cha futi 11 na inchi 8, nalo lilichuna mapaa ya malori kwa miaka mingi mpaka lilipoinuliwa mwaka 2019. Lazima ajue na urefu. Katika hifadhi ya Glacier, Montana, gari linalozidi futi 21 haliruhusiwi sehemu ya juu ya barabara ya Going-to-the-Sun, hata kama watoto wameota mlima huo mwaka mzima. Na katika hifadhi nyingine za taifa, nafasi za kambi huanza kugombewa miezi 6 kabla.

Sasa utaniuliza, bwana, haya si mambo ya fundi na karani? Fasihi iko wapi? Iko hapo hapo. Kila namba niliyoitaja ni swali kuhusu watu. Uzito ukifikia mwisho, nani ataacha kitu chake? Siku zikiwa chache, ni shangazi wa nani atakayepitiwa na wa nani atakayerukwa? Nani ameulizwa, na nani ameambiwa tu "vaa viatu tunaondoka"? Mwalimu Nyerere alituachia usemi kwamba kupanga ni kuchagua. Aliusema kuhusu uchumi wa taifa, lakini mwandishi wa riwaya anaweza kuuchukua akauweka mezani kwake. Mhusika anapochagua ndipo tunapomjua.

Kwa hiyo kipimo changu katika uhakiki huu ni kimoja. Nagawa misukosuko ya safari katika mafungu mawili. Kuna msukosuko uliopandwa, yaani ule ambao mbegu yake ilitiwa wakati wa kupanga. Kuna msukosuko uliookotwa, yaani ule ambao mwandishi kaukuta njiani akaubandika ili tusisinzie. Wa kwanza hutufundisha jambo kuhusu wahusika. Wa pili hutushtua kidogo, na tukifunga kitabu umekwisha.

Tuanze na mzee wa wote, riwaya ya John Steinbeck iitwayo The Grapes of Wrath, iliyotoka mwaka 1939. Najua gari la familia ya Joad si gari-nyumba kwa maana ya starehe. Ni gari dogo kuukuu aina ya Hudson lililokatwa nyuma likafanywa lori, na juu yake magodoro na turubai. Wenyewe ni wakulima wa Oklahoma waliofukuzwa kwenye ardhi katika miaka ya ukame na vumbi, wanakwenda California kutafuta kibarua. Lakini ni nyumba juu ya magurudumu, na sijaona mwandishi aliyeisimulia kazi ya kupanga kwa uzito kama yeye.

Tazama anavyofanya. Familia inakutana jioni kando ya lori. Zamani kitovu cha nyumba kilikuwa jiko na uwanja, sasa kitovu ni gari. Babu bado anapewa heshima ya kuongea kwanza, lakini kila mtu anajua ni heshima ya jina tu. Al, kijana wa miaka 16, anaingia kwa mara ya kwanza katika baraza la wanaume, kwa sababu yeye ndiye anayejua injini na ndiye aliyelichagua gari hilo. Bila hotuba yoyote tumeshaona madaraka yanahama kutoka kwa mwenye mvi kwenda kwa mwenye spana. Hiyo ndiyo fani, jamani. Maudhui yamebebwa na mahali watu wanapokaa.

Kisha hesabu. Wameuza kila kinachohamishika shambani wakapata dola 18. Watu wa nyumba ni 12, na Casy, mhubiri aliyeacha kuhubiri, anaomba lifti, watakuwa 13. Baba anatazama lori na chakula, ana wasiwasi kama wataweza. Mama analigeuza swali. Kwake yeye la kujiuliza ni kama wanataka, maana mtu asiyetaka hawezi hata akiwa na ghala. Hapo tunajua nani ataishika familia hii pamoja, nasi hatujafika hata barabarani. Baadaye, akiwa peke yake, mama anafungua kisanduku cha barua na picha za zamani, anabakiza vitu vichache vidogo, vingine anavitia motoni. Hakuna mtu aliyemwamuru. Lori lina nafasi yake, naye ameipima.

Lakini mbegu kubwa kuliko zote ni babu. Kwa siku nyingi amekuwa akijigamba atakavyokula zabibu za California mpaka zimchirizike. Asubuhi ya kuondoka anagoma. Anasema hii ni ardhi yake, haendi popote. Familia inajadiliana, na uamuzi wao ni kumtilia dawa ya usingizi kwenye kahawa, wakampakia kama mzigo. Usiku wa kwanza njiani anakufa. Steinbeck angeweza kumuua mzee huyo kwa ajali ya gari, na msomaji angesikitika. Alivyofanya yeye, msomaji anabaki na swali linalouma: walimpenda au walimteka? Wote waliokuwa kwenye mpango huo walikuwa na nia njema, na mzee amekufa. Huo ndio msukosuko uliopandwa.

Twende kwenye vichekesho tuone kama kipimo kinafanya kazi. Mwaka 1954 Vincente Minnelli aliongoza filamu ya The Long, Long Trailer, iliyotokana na kitabu cha Clinton Twiss cha mwaka 1951. Wachezaji ni Lucille Ball na Desi Arnaz. Bibi harusi anamshawishi mchumba wake wanunue tela la kuishi badala ya nyumba, kwa kuwa kazi ya bwana inamhamisha hamisha, na eti watabana matumizi. Tela likishanunuliwa inabidi wapate gari lenye nguvu zaidi la kulivuta, na baada ya gari kuna vifaa vya kuliunganisha. Bwana anatoa pesa huku uso ukizidi kumwiva. Kila aliyewahi kununua kitu cha "kubana matumizi" ataicheka sehemu hii kwa machungu.

Halafu yanakuja mawe. Kila wanapopita, bibi anaokota jiwe la kumbukumbu, tena makubwa, na anajaza na mitungi ya matunda aliyoyahifadhi mwenyewe. Kabla ya kupanda mlima mkali mumewe anamwambia mawe yatupwe, tela halitamudu. Mke anakubali kwa mdomo, kisha anayaficha ndani. Wanapanda. Mimi nilikuwa nimeshika kiti. Hakuna jambazi wala dhoruba katika tukio lile, ni mawe tu, na kila jiwe tulishuhudia likipakiwa kwa mapenzi. Mlima umefanya kazi moja tu, kuonyesha kwamba hawa wawili hawakuwahi kukaa wakakubaliana kwa dhati nini ni mzigo na nini ni kumbukumbu. Wanagombana mpaka wanatengana, na tunaamini, ingawa mwisho wanapatana kama filamu za wakati ule zilivyopenda.

Sasa njoo mwaka 2006. Mwaka huo zilitoka filamu mbili za familia safarini. Moja inaitwa RV, ikaongozwa na Barry Sonnenfeld, mchezaji mkuu Robin Williams. Ya pili ni Little Miss Sunshine, ya Jonathan Dayton na Valerie Faris, mwandishi wake Michael Arndt, ambaye kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Oscar ya uandishi. Kuzilinganisha ni darasa la bure.

Katika RV baba ameahidi familia likizo ya Hawaii. Bosi anamtaka Colorado kwenye mkutano wa biashara. Baba haisemi kweli. Anakodi gari-nyumba, anawaambia wanakwenda kujumuika pamoja milimani, na kazi za ofisi anazifanya kwa kujificha. Mbegu nzuri hiyo! Familia yote imepakiwa katika uongo wa mtu mmoja. Nilitegemea uongo huo utoe mizizi. Badala yake filamu inatuletea wanyama waitwao rakuni ndani ya jiko, breki ya mkono isiyoshika, na tukio refu la tangi la choo linalommwagikia baba. Nilicheka, siwezi kukataa. Lakini jiulize, rakuni wale wangeshindwa kuingia katika gari la baba msema kweli? Wangeingia tu. Basi ni wa kuokota. Uongo unapofichuka, filamu imebakiwa na muda mchache wa kusameheana.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba hadithi bora ilikuwa imeegeshwa jirani. Kuna familia nyingine humo, akina Gornicke, ambao wameamua kuishi ndani ya basi lao moja kwa moja na kuwasomesha watoto humo humo. Hao waliamua nini, lini, na nani alipinga? Watoto waliulizwa? Filamu inawatumia wawe watu wa kuchekwa kwanza, na wa kuokoa baadaye. Mwandishi mwenye njaa angeingia katika basi hilo.

Little Miss Sunshine haina hata gari-nyumba, ina kombi ya njano ya Volkswagen. Lakini sikiliza inavyopanga. Mtoto wa kike, Olive, amepata nafasi ya kushindana katika mashindano ya urembo ya watoto kule Redondo Beach, California. Wao wako Albuquerque, na pesa za ndege hakuna. Mezani panaanza hesabu ya watu badala ya mizigo. Mama hawezi kuendesha gia za kombi, kwa hiyo baba lazima aende. Babu ndiye aliyemfundisha mtoto kucheza, kwa hiyo lazima aende. Mjomba ametoka hospitali baada ya kujaribu kujiua, haruhusiwi kuachwa peke yake, kwa hiyo lazima aende. Kaka mtu, aliyeweka nadhiri ya kutosema, hataki kwenda, na mama ananunua ridhaa yake kwa kumwahidi ruhusa ya kusomea urubani. Dakika chache tu, na sasa tuna watu sita ndani ya kombi, na kila mmoja tunajua kwa nini yumo na kwa bei gani.

Kisha mavuno. Kijana anagundua njiani kwamba macho yake hayatofautishi rangi, hivyo urubani haupo. Bei aliyolipwa imegeuka hewa. Anaruka nje ya gari, na ile nadhiri ya kimya inavunjika kwa kilio. Babu, ambaye tulijua tangu mwanzo anatumia dawa za kulevya, anakufa usiku hotelini. Klachi ya kombi inaharibika, na tangu hapo gari haliondoki ila wote washuke wasukume, kisha warukie ndani mmoja mmoja. Utaniambia klachi ni ya kuokota. Sawa, nakubali imeokotwa. Lakini mwandishi kaiokota kitu kinachowalazimisha wale waliopangwa kwa shuruti wafanye jambo moja kwa hiari. Hata kuokota kuna ufundi wake.

Na angalia ndugu yangu, babu wawili, wa 1939 na wa 2006, wote wanafia safarini, na katika kazi zote mbili familia inabaki na maiti na lazima ipange upya. Akina Joad wanamzika wenyewe kando ya njia. Wale wa kombi wanamtoa mzee hospitalini kupitia dirishani. Mmoja analiza na mwingine anachekesha, lakini swali ni lile lile: mpango ulimjali nani, safari au msafiri?

Mfano wangu wa mwisho unahusu ukweli wa mwandishi. Mwaka 1960 Steinbeck yule yule, sasa tajiri na mwenye miaka 58, aliagiza lori la GMC lenye chumba mgongoni, na kitanda, jiko na friji ndani yake. Alilipa jina la Rocinante, farasi wa Don Quixote, akaondoka New York na mbwa wake Charley kuitafuta Marekani. Kitabu chake, Travels with Charley, kilitoka mwaka 1962. Kurasa za mwanzo, za kupanga, ni tamu sana. Anasimulia alivyopakia vitu kupita kiasi, na alivyotundika ndoo yenye kifuniko kwa kamba za mpira ili mwendo wa gari umfulie nguo. Ni safari ya mtu mmoja na mbwa, ndivyo tunavyoambiwa.

Mwaka 2010 mwandishi wa habari Bill Steigerwald aliifuata njia ile akilinganisha tarehe na kumbukumbu. Alichokuta ni kwamba mke wa Steinbeck, Elaine, alikuwa naye siku nyingi kuliko kitabu kinavyoonyesha, na kwamba mwandishi alilala hotelini mara nyingi. Toleo la mwaka 2012 lilibeba utangulizi wa Jay Parini unaowatahadharisha wasomaji wasichukue kila kitu kama kilivyo. Wapo wanaosema hiyo ni haki ya msanii. Mimi naona hasara ni ya kifasihi kabla ya kuwa ya kimaadili. Mzee mgonjwa aliyepanga kuwa mpweke akashindwa, akamhitaji mkewe, huyo ni mhusika mkubwa kuliko mpweke hodari tuliyepewa. Mwandishi aliyetuonyesha mama Joad akitia barua motoni, safari hii alimtoa mama mwenyewe kwenye gari.

Mwenzangu mmoja katika kikundi chetu ameniambia sura za kupanga zinachosha, zinasomeka kama orodha ya dukani. Jibu langu ni kwamba orodha huchosha isipokuwa na mtu anayetaka kisichotoshea. Andika "walipakia magodoro matatu" na msomaji atapiga miayo. Andika kwamba magodoro ni matatu na wa kulala ni saba, halafu nyamaza. Atafungua ukurasa mwenyewe.

Mwingine anasema huwezi kumlinganisha aliyefukuzwa shambani na aliye likizoni. Ni kweli. Wa likizo anaacha vitu mpaka arudi, akina Joad wanaviacha moja kwa moja, na tofauti hiyo haifai kufutwa kwa uhodari wa mhakiki. Lakini kote kuna anayeshika kalamu mezani na kuna asiyeitwa mezani. Hata sisi tukikodi Coaster kwenda msibani mkoani, viti havitoshi, na yule anayeandika majina ana riwaya nzima kwenye daftari lake.

Mimi ni mhitimu wa sekondari tu, sina digrii ya nadharia, na ninaandika riwaya yangu ya kwanza kuhusu familia inayohama. Mhusika wangu mzee hataki kuhama. Wahusika wengine wananisukuma nimpakie haraka ili gari liondoke, na nawaelewa, hata mimi nina hamu ya barabara. Nimeamua gari lisubiri. Bibi huyo ataulizwa, atajibu, na jibu lake litaandikwa lote hata likichukua sura mbili. Kama baada ya hapo watamchukua kwa nguvu, msomaji atakuwa shahidi.

Wenye maoni tofauti wachukue kalamu. Nawasilisha.